Ufunguo Mmoja, Milango Mingi: Nani Anaingia Mahali Yanapokaa Majina Yetu?



Familia nyingi zilizokimbilia Beni na Butembo zimetoa majina yao mara nyingi kuliko zinavyoweza kuhesabu. Familia iliyotoka Oicha, Eringeti, Mangina au Kanyabayonga imeandikwa na chefu wa mtaa, na kamati ya wakimbizi, na kituo cha afya, na shule ya watoto. Kisha imeandikwa tena na shirika la chakula, na shirika la maji, na lile linalosikiliza malalamiko. Kila mmoja ameuliza karibu maswali yale yale: Unaitwa nani? Umetoka wapi? Mko wangapi? Simu yako ni namba gani?

Zamani majibu hayo yalikaa katika daftari. Leo mengi yanaingia katika simu ya mwandikaji, na kutoka pale yanakwenda katika tovuti ambazo tutaziita malango ya takwimu. Wafanyakazi wa misaada, maofisa wa serikali na washirika wao wanaingia humo kwa jina na neno la siri.

Katika toleo hili tunaeleza mpango ambao mashirika mengi yanaufuata siku hizi, wa mfanyakazi kuingia mara moja tu, kwa ufunguo mmoja, na kufunguliwa malango yote anayohitaji. Jambo hili linaonekana kuwa la mafundi wa kompyuta tu. Sisi tunaamini linawahusu wakimbizi na viongozi wao kabisa, kwa sababu majina yaliyo nyuma ya milango hiyo ni yenu.

Kwa nini jina ni jambo la amani

Katika ukanda wetu hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba karatasi inaweza kuua. Mwaka 1994 nchini Rwanda, vitambulisho vilivyoandikwa kabila vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuchagua nani apite na nani auawe. Waliovitoa vitambulisho hivyo miaka mingi kabla walisema ni kwa ajili ya utawala tu.

Kwetu, tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni mwezi Oktoba 2014, watu wanaotoa habari za usalama wanajihatarisha. Kamati ya amani inapotuma tahadhari kwamba watu wenye silaha wameonekana karibu na mashamba, kuna aliyeona na aliyepiga simu. Mtu huyo akijulikana, anaweza kulipiziwa kisasi. Ndivyo ilivyo pia kwa mama aliyebakwa na akaeleza kisa chake kwenye kituo cha afya, na kwa kijana aliyetoka katika kundi la silaha na sasa anajifunza kazi ya ufundi.

Kwa hiyo swali la nani anaweza kufungua orodha ni swali la ulinzi wa raia. Linastahili kuulizwa kwenye mkutano wa kamati kama tunavyouliza juu ya maji, mahema na chakula.

Si malango yote yana siri

Kabla ya kuzungumzia ufunguo, tutofautishe vyumba. Kuna takwimu ambazo ni vizuri kila mtu azione. OIM, kwa mfano, inahesabu watu waliohama kwa msaada wa viongozi wa vijiji na watu wengine wanaojua mahali pao, na inatoa ripoti zake wazi. OCHA ilifungua mwaka 2014 lango la HDX, ambalo linakusanya takwimu za misaada za nchi nyingi, na kanuni zake zinakataza kuweka humo habari za mtu binafsi. Kivu Security Tracker, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Congo Research Group pamoja na Human Rights Watch, ilionyesha kwenye ramani matukio ya mauaji na utekaji katika Kivu.

Takwimu za namna hii zinasaidia amani. Kiongozi wa wakimbizi anayejua hesabu iliyotangazwa kwa eneo lake anaweza kuuliza kwa nini msaada uliofika ni mdogo kuliko hesabu hiyo. Mwandishi wa habari anaweza kukanusha uvumi. Hapo mlango uwe wazi, na neno la siri halina kazi.

Chumba cha pili ni cha washirika. Humo mna habari kama ni kambi gani haina choo, ni shirika gani litapeleka mbegu wapi, na ni lini magari yatapita barabara fulani. Habari hizo zikiwekwa wazi kabla ya siku, magari yanaweza kuviziwa.

Chumba cha tatu ndicho chenye majina, namba za simu, alama za vidole, habari za ugonjwa na malalamiko. Hiki ndicho tunachokizungumzia zaidi hapa chini.

Shida ya maneno ya siri mengi

Tuchukue mfano wa mfanyakazi mmoja anayefanya kazi kati ya Beni na Butembo. Ana lango la kuandikisha familia, lango la kuripoti magonjwa, lango la malalamiko, lango la mikutano ya washirika, na barua pepe. Kila lango linamtaka awe na neno lake la siri, refu, lenye herufi na tarakimu.

Binadamu hawezi kukumbuka yote hayo. Basi anafanya mambo matatu ambayo pengine mmeyaona ofisini. Anatumia neno moja kwa malango yote, au anaandika maneno yote kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na kompyuta, au ofisi nzima inatumia akaunti moja ambayo neno lake linajulikana na watu kumi, pamoja na waliokwisha kuacha kazi.

Hili la tatu ndilo baya kuliko yote. Orodha ikivuja, haiwezekani kujua ni nani aliyeifungua, kwa maana kwenye kumbukumbu za lango watu kumi wanaonekana kama mtu mmoja. Mwenye kosa anajificha nyuma ya wasio na kosa, na wote wanashukiwa. Tunajua jinsi shuku ya namna hiyo inavyovunja ushirikiano kati ya wakimbizi, wenyeji na mashirika.

Kuingia mara moja: mfano wa jetoni

Njia ya kuingia mara moja inafanana sana na kitu ambacho kila mkimbizi anakijua, yaani jetoni ya kugawiwa msaada.

Siku ya kugawa, unafika kwanza kwenye meza ya orodha. Pale wanatazama kadi yako ya mpiga kura au kadi ya familia, wanatafuta jina lako, wanahakikisha kwamba ni wewe. Kisha wanakupa jetoni yenye muhuri. Baada ya hapo unapita mstari wa unga, mstari wa maharagwe, mstari wa mafuta. Mtu wa mafuta hakuombi tena kadi. Anatazama muhuri tu, kwa sababu anaiamini meza ya orodha. Na jetoni ya leo haifai kesho.

Kwenye kompyuta mambo yanakwenda vivyo hivyo:

1. Mfanyakazi anafungua lango la takwimu na kubonyeza neno "Ingia".
2. Lango halimuulizi neno la siri. Linampeleka kwenye meza ya utambulisho, ambayo ni tovuti nyingine inayotunza akaunti za wafanyakazi wote.
3. Meza inamuuliza neno lake la siri, na mara nyingi ushahidi wa pili, kwa mfano tarakimu zinazoonekana kwenye simu yake.
4. Ikiridhika, inatoa jetoni ya kielektroniki yenye muhuri usioweza kuigizwa kwa urahisi. Jetoni hiyo inasema: huyu ni fulani, ni wa shirika fulani, ameingia saa hii, na jetoni hii inakwisha saa fulani.
5. Lango linakagua muhuri, saa, na kama jetoni ilitolewa kwa ajili yake na si kwa lango lingine. Kisha linafungua.

Mfanyakazi akienda kwenye lango la pili, meza inamkumbuka na kumpa jetoni nyingine bila kumuuliza tena. Neno la siri halikupita kwenye malango hata kidogo. Hata lango moja likivunjwa na wezi, hawatakuta humo maneno ya siri ya watu.

Wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1980 chuo cha MIT nchini Marekani kilitengeneza mfumo wa Kerberos, ambao pia unatoa namna ya tiketi badala ya kuuliza neno la siri kila mara. Baadaye zikaja kanuni za kimataifa ambazo tovuti nyingi zinazifuata leo. SAML 2.0 ilitoka mwaka 2005, na OpenID Connect mwaka 2014. Katika miaka ya 2010, OCHA ilikuwa na Humanitarian ID, akaunti moja ya mfanyakazi wa misaada kwa tovuti kadhaa. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara ya Afya ya nchi yetu, nao unaweza kuunganishwa na meza ya utambulisho kwa kanuni ya OpenID Connect.

Faida kubwa ni siku ya kuondoka

Watu wengi wanadhani faida ya ufunguo mmoja ni kumpunguzia mfanyakazi taabu. Kwa maoni yetu, faida kubwa ni siku anapoondoka.

Mikataba ya kazi katika misaada ni mifupi. Mtu anaandikisha familia miezi mitatu, kisha mradi unakwisha. Kama alikuwa na akaunti kwenye malango sita, lazima mtu sita wakumbuke kumfungia. Mara nyingi mmoja anasahau. Kwa meza moja ya utambulisho, akaunti ikifungwa pale, hawezi kupata jetoni mpya ya lango lolote. Jetoni aliyokuwa nayo mkononi itakwisha muda wake. Kwa hiyo inafaa muda huo uwe wa saa chache, si wa majuma.

Ndivyo ilivyo pia ofisi inapolazimika kukimbia. Goma ilipotekwa mwezi Januari 2025, maghala na ofisi za mashirika ya misaada ziliporwa, na mwaka huo uongozi wa serikali wa jimbo ulihamia Beni. Katika hali ya namna hiyo kompyuta na simu zinabaki nyuma au zinachukuliwa njiani. Kama neno la siri limehifadhiwa ndani ya kompyuta hiyo, aliyeipora ameipata na orodha. Kama kuna meza ya utambulisho, mtu mmoja aliye mahali salama anaweza kuzifunga akaunti zote za ofisi ile kwa siku moja.

Lakini tuongeze neno la tahadhari. Kufunga akaunti hakufuti orodha ambayo mtu alikwisha kuipakua na kuiweka ndani ya kompyuta yake. Ufunguo unalinda mlango tu, na karatasi iliyokwisha kutoka nje haiwezi kuirudisha.

Kuingia si ruhusa ya kuona kila kitu

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Meza ya utambulisho inajibu swali moja: Huyu ni nani? Haijibu swali la pili: Anaruhusiwa kuona nini? Swali la pili lazima lijibiwe na kila lango, kwa kanuni iliyoandikwa.

Turudi kwenye jetoni. Jetoni ya familia ya watu watatu haichukui mafuta ya familia ya watu tisa. Na mwenye jetoni ya sabuni haingii ghalani kujichagulia. Vivyo hivyo, mhandisi wa maji anayejenga bomba katika kambi moja hahitaji kusoma majina ya akina mama waliotibiwa. Anahitaji kujua ni familia ngapi zitakunywa. Mwandikaji wa Butembo hahitaji kuona orodha ya Oicha. Mkubwa wa ofisi naye, ingawa ni mkubwa, haoni malalamiko yanayomhusu yeye mwenyewe.

Tunasema hivi kwa sababu kuingia mara moja kunaweza kuleta hatari mpya. Zamani mtu aliyepata neno la siri la mwenzake aliingia chumba kimoja. Sasa, kama ruhusa hazikugawanywa vizuri, anaingia nyumba nzima.

Somo la Msalaba Mwekundu, 2022

Jambo hili lilitokea kwa shirika ambalo familia nyingi za Kongo zinalifahamu. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo kwetu tunaiita CICR, inasaidia kutafuta ndugu waliopoteana vitani.

Tarehe 18 Januari 2022 CICR iligundua kwamba wageni wasiojulikana wameingia katika kompyuta zake. Habari za watu zaidi ya 515,000 zilifikiwa. Walikuwemo watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita na uhamaji, waliopotea, na wafungwa. Habari hizo zilikuwa zimekusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. CICR ililazimika kuzima mitambo, na kazi ya kutafutana ikaendelea kwa njia za polepole.

Uchunguzi ulionyesha kwamba wezi walikuwa ndani tangu tarehe 9 Novemba 2021. Waliingia kupitia tundu ambalo halijazibwa katika sehemu ya mfumo inayokagua utambulisho, yaani kwenye meza yenyewe ya kuhakikisha watu. Wakishafika pale, waliweza kujifanya watumiaji halali au wasimamizi. Habari zilikuwa zimefungwa kwa maandishi ya siri, lakini hilo halikuzuia, kwa sababu mfumo uliwaona kama wenyeji. CICR ilieleza hayo yote hadharani, na kabla ya kuwasha mitambo tena iliongeza ushahidi wa pili wakati wa kuingia.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, meza ya utambulisho ikishikwa, mistari yote inadanganyika, kwa hiyo meza hiyo ilindwe kuliko mahali pengine pote na matundu yake yazibwe mara yanapojulikana. Pili, shirika kubwa na lenye nia njema nalo linaweza kuingiliwa. Tatu, kusema ukweli mapema ni sehemu ya ulinzi. Watu waliambiwa, wakaweza kujihadhari.

Kazi ya kuongeza kuingia mara moja kwenye lango

Viongozi wengine wanakaa katika mikutano ambapo shirika linasema: "Tutaunganisha lango letu na mfumo wa kuingia mara moja." Inafaa mjue kazi hiyo ina hatua gani.

*Kuchagua nani atunze meza.* Ni shirika moja, au umoja wa mashirika, au serikali? Aliye na meza ana uwezo wa kufungulia na kufungia. Katika eneo lenye pande zinazopigana, uchaguzi huo si wa kifundi tu. Wakimbizi wanapaswa kujua ni nani.

*Kusafisha akaunti za zamani.* Kabla ya kuhamisha watumiaji, kila akaunti ipewe mtu mmoja aliye hai na anayefanya kazi. Akaunti zinazotumiwa na ofisi nzima zivunjwe. Za waliokwisha kuondoka zifutwe.

*Kufunga mlango wa zamani.* Mara nyingi lango linapata kufuli jipya mbele, na mlango wa zamani wa neno la siri unabaki wazi nyuma. Mwizi hapiti penye kufuli jipya. Mlango wa zamani ufungwe, ibaki akaunti moja ya dharura, ambayo neno lake limewekwa kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi na watu wawili.

*Kuandika kumbukumbu.* Kila anayefungua orodha aandikwe, na saa yake. Kumbukumbu hizo zisomwe na mtu mara kwa mara, zisisubiri siku ya msiba.

*Kujaribu mahali penyewe.* Mfumo unaofanya kazi vizuri Geneva unaweza kushindwa Mangina. Kuhusu hili tuna maneno zaidi.

Umeme, mtandao na simu zetu

Kati ya Beni na Butembo kuna zaidi ya kilomita 50 tu, lakini mtandao hauko sawa kila mahali njiani, na umeme unategemea jenereta na paneli za jua katika sehemu nyingi. Meza ya utambulisho isipofikika, hakuna jetoni, na bila jetoni hakuna lango. Tukumbuke pia kwamba serikali inaweza kukata intaneti, kama ilivyotokea nchini kote kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa karibu majuma matatu. Wakati huo Beni na Butembo zilikuwa katikati ya mlipuko wa Ebola.

Kwa hiyo mfumo mzuri unamruhusu mwandikaji ajaze fomu bila mtandao, simu ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, kisha atume akifika penye mtandao. Programu kama KoboToolbox zinafanya hivyo. Baada ya kutuma, habari zifutwe kwenye simu.

Ushahidi wa pili nao uchaguliwe kwa akili. Tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe wa simu hazifiki kama mtandao umeanguka, na laini ya simu inaweza kuibwa. Kuna programu za simu zinazotoa tarakimu hizo bila mtandao wowote. Hizo zinafaa zaidi kwetu.

Jambo lingine ni kompyuta za pamoja, ofisini au kwenye duka la intaneti. Mtu akibonyeza "Toka" kwenye lango moja, pengine meza ya utambulisho bado inamkumbuka. Anayekaa kwenye kiti baada yake anaweza kufungua lango lingine kwa jina lake, bila kuulizwa kitu. Ni lazima kutoka kwenye meza yenyewe, na kufunga kivinjari. Wafanyakazi wafundishwe hili siku ya kwanza.

Uaminifu hauletwi na kompyuta

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulifikia wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kazi ya kuuzuia ilitegemea orodha: nani amemgusa mgonjwa, anakaa wapi, amekutana na nani. Familia nyingi ziliogopa kutoa majina.

Mwezi Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 Beni na Butembo. Chini ya mtu mmoja kati ya watatu alikuwa na imani kwamba viongozi wa mahali wanatetea maslahi yake, na karibu robo waliamini kwamba Ebola haikuwepo. Wasioamini walikuwa pia wepesi zaidi kukataa chanjo au matibabu.

Tunakumbuka hayo si kumlaumu mtu. Ni kwa sababu yanaonyesha kwamba orodha yenye kufuli zuri haina thamani kama watu wanatoa majina ya uongo kwa woga. Mtu anatoa jina lake la kweli akijua litakwenda wapi, nani ataliona, na litafutwa lini. Ufunguo mmoja unaweza kusaidia uaminifu huo ikiwa tu mashirika yanaeleza kwa lugha ya watu jinsi unavyotumika.

Haki yenu ni ipi?

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu na siri ya mawasiliano yake. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina pia sheria inayoitwa kwa Kifaransa Code du numérique, ambayo ni amri-sheria namba 23/010, yenye sehemu kuhusu ulinzi wa habari za mtu binafsi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kanuni zao. HCR, kwa mfano, iliandika kanuni zake mwaka 2015, zinazompa mtu haki ya kuelezwa habari zake zinatumiwaje, kuomba kuziona, kuomba zisahihishwe, na kupinga matumizi fulani.

Basi si utovu wa heshima kuuliza. Rais wa kamati akisimama mkutanoni, anaweza kuuliza kwa upole maswali haya:

- Majina yetu yanakaa katika lango gani, na nani anatunza meza ya utambulisho?
- Je, kila mfanyakazi ana akaunti yake mwenyewe?
- Ni watu wangapi wanaoweza kuona majina, si hesabu tu?
- Mfanyakazi akiacha kazi leo, akaunti yake inafungwa lini?
- Je, shirika lingine, au serikali, linapewa orodha yetu? Kwa makubaliano gani?
- Orodha ikivuja, mtatuambia kwa njia gani na baada ya siku ngapi?
- Je, ni lazima kuandika kabila, dini au mahali tulipotoka hasa?

Swali la mwisho ni kubwa. Habari ambayo haikuandikwa haiwezi kuibwa. Tahadhari kabla ya hatari.

Maneno machache kwa familia

Mkimbizi hahitaji neno la siri la lango la wafanyakazi. Mtu akikupigia simu akisema jina lako limepotea na anataka namba yako ya siri ya pesa za simu, au tarakimu ulizotumiwa kwa ujumbe, usimpe. Mtu akitaka ulipe ili uandikwe, mpeleke kwa kamati. Usimwachie mtu kadi yako ya mpiga kura usiku kucha "ili aiandike vizuri". Usipige picha ya jetoni na kuituma kwenye makundi ya simu. Na kama unaogopa jina lako lionekane kwa sababu ya yale uliyoyashuhudia, mwambie mwandikaji kabla hajaanza kuandika. Una haki ya kuuliza kama kuna njia nyingine.

Maswali ya mazungumzo katika kamati

1. Tangu tufike hapa, majina yetu yameandikwa na nani? Tufanye orodha pamoja.
2. Ni habari gani zetu zinazofaa kuwa wazi kwa wote ili zitusaidie kudai msaada?
3. Ni habari gani ambazo, zikijulikana na watu wabaya, zinaweza kuleta kifo au ugomvi na wenyeji wetu?
4. Daftari la kamati yetu wenyewe linalala wapi usiku? Nani ana ufunguo wake, na atamkabidhi nani tukilazimika kukimbia tena?